UTAFIKIA WAPI DAR ES SALAAM?

Abiria wa boti ya Dar es Salaam, akiwa bado amekaa juu ya begi lake katika gati ya Malindi akingoja kuitwa, huulizwa na jirani yake maswali matatu: kwenu wapi, unakwenda kufanya nini, na utafikia wapi. Mawili ya mwanzo ni ya adabu tu. La tatu ndilo swali lenyewe, na jibu lake likiwa la kusitasita basi papo hapo baraza huanza. Mmoja atasema hakuna kama nyumba fulani ya Mtaa wa Sikukuu, maji hayakatiki na mlango hufungwa saa sita za usiku. Wa pili atasema Kariakoo ni kelele tupu, mtu mzima afikie Kisutu. Mama aliyenyamaza muda wote atakohoa kidogo, kisha atasema kwamba yeye miaka yote hufikia kwa shemeji yake Magomeni na hajapata kuijua gesti ikoje. Hapo boti huitwa, watu husimama, na msafiri mgeni huondoka na majina matatu kichwani na uhakika wa hata moja hana.

Tunaliandika jambo hili katika safu hii kwa sababu limezoeleka mno hata halionekani kuwa ni jambo. Watu wa visiwani ni wasafiri kwa lazima. Jiji kubwa lililo karibu nasi liko ng'ambo ya mkondo, na kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 lina watu 5,383,728, wakati Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ina watu 1,889,773. Tunavuka kwa biashara, kwa masomo, kwa viza za balozini, kwa harusi na misiba, na zaidi kuliko yote tunavuka kwa matibabu. Kila anayevuka hapana budi alale. Hata hivyo, katika mipango yetu ya usafiri tunahesabu boti, tunahesabu gati, tunahesabu tiketi na mizigo, kitanda hatukihesabu. Tumekiacha kwa baraza la Malindi.

Desturi ya kumtafutia mgeni pa kufikia si ngeni katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba chombo kikitia nanga vijana wa mji walikiendea kwa vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mmojawapo wa wafanyabiashara na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara huyo hakufikia penginepo ila kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichokitaka. Aliyekwisha kuuzoea mji ndiye peke yake aliyefikia apendapo. Yeye msafiri mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipokewa na kadhi, akawekwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini. Yafaa kuyaangalia maelezo hayo kwa makini. Mji ulijua kila mgeni amelala wapi. Mwenyeji alibeba jukumu mbele ya wenziwe, kwani mgeni akidhulumiwa jina la mwenyeji ndilo lililochafuka. Na kwa wale ambao hawakuja kwa biashara, palikuwa na nyumba iliyowekwa kwa makusudi.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka yumo ibnu sabil, yaani mwana wa njia. Mwalimu alitueleza kwamba huyo si lazima awe fakiri kwao; anaweza kuwa na mashamba na ng'ombe, lakini njia imemkatia, na alipo hana kitu. Mtoto hulisoma hilo akaliweka pamoja na mengine ya kukariri. Ukubwani, ukipita katika mabaraza ya hospitali za Dar es Salaam saa mbili za usiku, ndipo unapomwona mwana wa njia kwa macho, amejifunika kanga, kichwa chake kiko juu ya mfuko wa nailoni wenye picha za eksirei.

Dar es Salaam ya wazee wetu ilikuwa na jibu lake. Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani, jiko na choo. Nyumba ya namna hiyo haikuwa ya familia moja, wala haikuitwa hoteli, kwa sababu siku hizo hoteli palikuwa ni mahali pa kunywa chai na kula maandazi, na mpaka leo wako wanaolitumia neno hilo kwa maana hiyo. Chumba kimojawapo daima kilikuwa cha mpita njia. Mgeni akifika, mwenye nyumba alimpeleka kwa balozi wa nyumba kumi akaandikwa: jina, atokako, alichokijia, siku atakazokaa. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni udhia. Lakini balozi yule yule aliyemwandika mgeni ndiye aliyekwenda kumgongea mlango asipoonekana asubuhi.

Baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, ndugu zetu wa Pemba walivuka kwa wingi wakaweka maduka Kariakoo na hatimaye katika kila pembe ya Bara, hata "duka la Mpemba" likawa ni jina la aina ya duka, liwe la Mpemba au lisiwe. Duka hilo likafanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyokabidhiwa. Mtu akishuka botini hana mwenyeji, aliambiwa nenda mtaa fulani, uliza duka la fulani wa Chake au wa Wete, mwambie umetumwa na fulani. Mwenye duka hakuwa na chumba, lakini alikuwa na kijana wa kumpeleka mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe aliwalaza jamaa zake. Tunathubutu kusema kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini maduka hayo yamekuwa ofisi ya wageni ya visiwa hivi, bila ya mshahara na bila ya bendera mlangoni. Shukurani hii imechelewa, lakini na ichapishwe.

Jibu hilo la zamani sasa linachakaa. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki tatu, na aliyelala Kariakoo alilala katika nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani. Leo nyumba za vyumba sita zimebomolewa karibu zote, na mahali pake pamesimama maghorofa ambayo chini ni maduka, katikati ni stoo za bidhaa na juu, pengine, ni vyumba vya wageni. Mwenye jengo ni mtu mmoja, mpangaji wa gesti ni wa pili, anayekaa mapokezi ni kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita. Chumba kimoja kikigeuzwa kuwa stoo ya viatu kinaweza kuleta kodi zaidi kuliko kikiwa na kitanda, kwa hivyo gesti huhama na hufungwa pasipo mtu kutangaziwa. Na tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka Kariakoo mchana kweupe, likaua watu na kuwafukia wengine kwa siku kadhaa. Tangu siku hiyo tunajua kwamba sifa za nyumba ya kufikia haziishii kwenye shuka safi na bei nafuu. Nani katika baraza la Malindi anaweza kuzihukumu nguzo za jengo?

Hapa ndipo ilipo kasoro ya ushauri wa mdomo. Mzee anaisifu nyumba aliyolala alipokwenda kwenye harusi mwaka 2009. Anaisifu kwa moyo safi, na alilolisema siku hiyo lilikuwa kweli. Kijana anamsikiliza kwa heshima, anavuka na mama yake mgonjwa, anapanda bajaji mpaka mtaa aliotajiwa, anakuta duka la simu. Sasa ni jua la alasiri, mizigo iko chini, mama amechoka, na pembeni ameshatokea mtu mwenye maneno matamu anayejua "nyumba nzuri hapo nyuma tu." Mtu huyo hulipwa kwa kila kichwa anachokipeleka, na bei ya msafiri aliyechoka haipungui.

Inafaa pia tuseme wazi ni nini watu wetu hukitafuta, maana wenyeji wa Bara mara nyingine hutucheka kwa kuchagua sana. Mtu wa visiwani akisema "nyumba nzuri" hasemi zulia wala televisheni. Anasema stara. Anataka nyumba ambayo mwanamke anaweza kupita mapokezi bila ya kukodolewa macho, ambayo vyumba havikodishwi kwa saa, ambayo chini yake hakuna baa ya kupiga muziki mpaka alfajiri, ambayo msikiti u karibu na choo kina maji ya kutosha kutawadha. Anauliza kama mtu anaweza kuchemsha uji. Anauliza kama ngazi ni nyingi, na kama lifti ipo, inafanya kazi au ni pambo. Hayo ni maswali ya watu wenye akili. Tumeona watalii wa Ulaya kwa miaka mingi wakishuka Dar es Salaam na vitabu mkononi vilivyowaorodheshea nyumba za Mtaa wa Libya na za Posta, chumba kwa chumba, bei kwa bei, pamoja na onyo la mahali penye wizi. Mgeni aliyetoka maelfu ya maili anajua atalala wapi kabla ya ndege yake kuruka. Mwananchi aliyetoka Micheweni, ambaye Dar es Salaam ni jiji la nchi yake, anabahatisha.

Tuje kwa wagonjwa, maana hao ndio hasa waliotufanya tuchukue kalamu.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Unguja na Pemba anayehitaji mionzi amekuwa akivuka kwenda Ocean Road. Mwenye maradhi ya moyo huvuka kwenda Taasisi ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Aliyevunjika vibaya huvuka kwenda Taasisi ya Mifupa, na wengine wa kila namna huishia Muhimbili, hospitali ambayo asili yake ni ile ya Sewa Haji. Aliyelazwa wodini ana kitanda. Lakini ndugu aliyemleta hana, na wagonjwa wengi hawalazwi. Mionzi khasa haina haja ya wodi. Mgonjwa huingia chumbani kwa dakika chache, akatoka, akaambiwa arudi kesho. Siku tano kwa juma, majuma matano au sita mfululizo. Jumamosi na Jumapili hakuna tiba, lakini nauli ya kurudi Pemba na kuja tena haimruhusu kwenda kuwaona watoto. Basi anakaa. Anakaa wapi?

Chukua mfano wa chumba cha shilingi 30,000 kwa usiku, ambacho kwa Kariakoo si cha anasa. Majuma sita ni usiku 42. Hesabu inakuja shilingi 1,260,000, kabla ya chakula, kabla ya bajaji ya kila siku, kabla ya dawa ya maumivu iliyokosekana dirishani. Mkulima wa mwani wa Pemba hana fedha hizo. Kwa hivyo tiba hata ikiwa na msamaha, na mashine hata ikiwa nzima, na daktari hata akiwa yupo, mgonjwa huyu anaweza kuishindwa tiba kwa sababu ya kitanda. Mionzi iliyokatwa katikati si nusu ya tiba. Madaktari husema kwamba siku zinazorukwa huupa uvimbe nafasi ya kukua tena, kwa hiyo mtu aliyerudi kwao katika juma la tatu kwa kuishiwa, amelipa karibu nusu ya gharama na huenda asipate faida yoyote.

Mtu atasema afikie kwa jamaa. Naam, wengi ndivyo wafanyavyo, na laiti si jamaa wa Magomeni, Temeke na Mbagala, aibu yetu ingekuwa kubwa zaidi. Lakini jamaa huyo naye ana vyumba viwili na watoto watano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumfikiria mgeni wa siku arubaini na mbili asiyeweza kushika jembe. Tena kuna jambo ambalo anayelipanga safari akiwa Unguja halioni kabisa. Kutoka Magomeni kwenda Upanga au Ocean Road sharti uvuke bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mvua kubwa zikinyesha bonde hilo hujaa na Barabara ya Morogoro hufungwa. Waliokuwapo wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kukumbushwa. Mgonjwa aliyefikia ng'ambo ya Jangwani wakati wa masika anaweza kukosa tiba siku mbili au tatu kwa sababu ya maji ya barabarani, ilhali hospitali iko umbali ambao mtu mzima hutembea kwa miguu. Ushauri wa nyumba ya kufikia, kumbe, ni sehemu ya tiba. Anayekwenda Ocean Road aambiwe atafute upande wa Kisutu, maana Kivukoni na Ikulu hakuna nyumba za saizi yake. Anayekwenda Muhimbili anaweza kukaa Kariakoo, hata mtaa uwe na kelele, kwa kuwa hana bonde la kuvuka. Aambiwe na nani? Kwa sasa anaambiwa na aliyeketi karibu naye botini.

Na sasa tuwaombe radhi waheshimiwa maofisa, maana tunaingia katika ukumbi wao.

Serikali inapomtuma mtumishi Dar es Salaam kwa mkutano wa siku tatu humpa posho, na ndani ya posho hiyo mna fedha za kulala. Zimetolewa kwa hekima: mtumishi apumzike, awe na meza ya kuandikia, asubuhi aingie mkutanoni akiwa safi. Wako wanaofanya hivyo. Lakini wako, na idadi yao si ya kuhesabika kwa vidole, ambao fedha ya hoteli huitia mfukoni wakaenda kulala kwa shemeji Magomeni, katika kile kile chumba cha wageni. Mwenye nyumba hawezi kumkatalia bwana mkubwa. Atamtandikia shuka jipya na atampikia samaki. Na mama wa kijijini mwenye barua ya rufaa, ambaye usiku huo alikuwa alale kitandani hapo, hulazwa mkekani pamoja na watoto, na kwa adabu zake husema hapana taabu. Mtumishi huyo hakuvunja kanuni yoyote tunayoijua. Fedha ni yake, na shemeji ni wake. Lakini mtu aliyepewa kitanda na umma, akakiuza, kisha akalala katika kitanda cha mgonjwa, hatuwezi kumsifu kwa kubana matumizi.

Tena maofisa wanajua mengi. Kila idara ina mtu wake anayejua hoteli ipi ina kiyoyozi kinachofanya kazi, ipi imepandisha bei, ipi ina chai ya asubuhi ya maana, ipi iko karibu na gati hata mtu akachelewe kuamka na boti asiikose. Ujuzi huo hupitishwa kutoka meza hadi meza, na ni ujuzi mzuri. Tunachokiuliza ni kwa nini haujawahi kuteremka ngazi ukafika dirisha la rufaa la Mnazi Mmoja au Chake Chake.

Tunapendekeza basi, kwanza, kwamba barua ya rufaa isitiwe sahihi mpaka mgonjwa ameulizwa swali la gati ya Malindi: utafikia wapi? Jibu liandikwe katika jalada lake kama inavyoandikwa hesabu ya damu. Asiye na jibu apewe karatasi yenye majina ya nyumba zilizotembelewa na mtu mwenye dhamana. Serikali ya Mapinduzi inayo ofisi yake ya uratibu Dar es Salaam. Kazi ya kuzipita nyumba ishirini kila baada ya miezi mitatu, kuona vyoo, ngazi, mlango wa dharura na bei, haihitaji wizara mpya. Inahitaji ofisa mmoja mwenye viatu imara na asiyepokea bahasha. Afuatane na mwenye duka mmoja wa Kariakoo, ambaye anazijua nyumba hizo kuliko jalada lolote. Karatasi hiyo hiyo ibandikwe Malindi, Mkoani na Wete, kwenye dirisha la tiketi.

Pili ni habari ya nyumba yenyewe ya wasafiri wagonjwa, na hapa tunajua kwamba tutapingwa. Tutaambiwa Serikali si mwenye hoteli. Tutakumbushwa Hoteli ya Bwawani, fahari ya miaka ya 1970, na namna ilivyochakaa mikononi mwa umma. Hoja hiyo ina uzito wake na hatuidharau. Nyumba ya Serikali ikikosa mwenye uchungu nayo, balbu ikiungua haibadilishwi mpaka bajeti ijayo. Lakini sisi hatusemi hoteli. Tunasema wakfu. Jumuiya za Wahindi wa pwani hii, Waislamu kwa Mabaniani, zilikuwa na desturi ya kuweka nyumba za wasafiri wao, hawa wakiziita musafirkhana na wale dharmashala, na Muhindi maskini aliposhuka bandarini aliuliza nyumba hiyo tu. Hawakungoja serikali yoyote, ya Mdachi wala ya Mwingereza. Nasi tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, tunao wafanyabiashara wa Kariakoo ambao wengine wao wana maghorofa, na tunalo fungu la ibnu sabil katika zaka wanayoitoa kila mwaka. Ghorofa moja la jengo moja, vyumba kumi, jiko la pamoja, mshika funguo anayelipwa, na hesabu zinazosomwa hadharani mara moja kwa mwaka: hayo hayamshindi mtu mwenye maduka manne. Serikali isamehe kodi na ikague majengo, basi.

Kuhusu nani alale humo, tungependa sheria iwe fupi. Mwenye barua ya rufaa na mtu mmoja wa kumwangalia. Wanachama wetu wa Chama wakija na barua ya tawi, waheshimiwa wakija na simu ya mkubwa, waonyeshwe njia ya Mtaa wa Libya. Tunalisema hili mapema kwa sababu tunawajua watu wetu, na sisi ni miongoni mwao.

Limebaki la wasafiri wenyewe. Anayemshauri mwenziwe mahali pa kulala amebeba amana, kama aliyeulizwa habari za mchumba. Aseme aliyoyaona na aseme aliyaona lini. Kama nyumba ina kunguni, aseme. Kama mapokezi waliomba fedha ya ziada bila ya stakabadhi, aseme. Watu wetu wana haya ya kukitia ila kitu walichokilipia, kana kwamba aibu ni yao, na matokeo yake mwengine hulipia kunguni wale wale juma linalofuata. Wala asiisifu nyumba kwa kuwa mwenyewe ni wa kwao. Tumesikia mara nyingi "fikia pale, mwenyewe ni mtu wetu", na baada ya kufika ikabainika kwamba sifa ya nyumba ilikuwa ni hiyo moja.

Karatasi tunayoiomba haina haja ya kamati. Iwe moja, pande mbili, kwa herufi kubwa ambazo bibi wa Micheweni ataweza kusomewa na mjukuu wake bila ya kukwama. Upande mmoja Kisutu na Posta kwa wanaokwenda Ocean Road, upande wa pili Kariakoo na Upanga kwa wanaokwenda Muhimbili. Bei ya usiku na bei ya mwezi. Idadi ya ngazi. Na tarehe ambayo nyumba ilikaguliwa. Nambari ya simu ya kila nyumba ipigwe, na ipokelewe, kabla ya karatasi kwenda kwa mpiga chapa.